Rudi, Kisha Ushuke

Alizaliwa wapi sijui, na jina la baba yake sikuwahi kulisikia. Ofisini tulimwita Fundi. Mtaani Bwiza alikokaa walimwita Fundi. Hata mke wake, siku ya kwanza nilipokwenda kumtembelea, aliniambia mlangoni, "Fundi anaoga, ngojea kidogo." Nilifanya naye kazi miaka minne ya vita, vyumba vyetu vikitenganishwa na ukuta wa mbao. Namwandika kwa sababu ya orodha moja ya majina ishirini na matatu, ambayo yeye alikataa kuichapa na mimi nikaichapa.

Ofisi yetu ilishughulika na mbegu, kule katikati ya mji. Mimi nilikuwa daktilo, mpiga chapa wa barua, msichana wa miaka ishirini na mitano mwenye kiburi cha vidole vyepesi. Tulikuwa na kompyuta mbili na mashine moja tu ya kuchapia, imprimante ya zamani ya sindano, inayokula karatasi ndefu za kukunjana zenye matundu kandoni. Hiyo ilikaa chumbani kwa Fundi, na hakuna aliyeigusa bila ruhusa yake. Aliifunika kwa kitenge cha mkewe kila jioni. Alitukataza kuingia na chai, na yeye mwenyewe aliweka kikombe chake cha kahawa juu ya kifuniko cha mashine, siku zote, akiamini kwamba kahawa ya mwenye mashine haimwagiki.

Aliisikia kuliko alivyoitazama. Angeweza kuwa ameegemea dirisha, anabishana na mtu aliye barabarani kuhusu mpira, na mashine ikalia vibaya mara moja tu, naye akageuka na kusema, "Iyo si barua, iyo ni takataka." Na ni kweli ungekuta ni takataka. Alijua kwa mlio kama inachapa barua au jedwali, kama utepe wa wino umekauka, kama karatasi imechomoka tundu moja upande wa kushoto. Nilidhani ananitania mpaka siku nilipomfunga macho kwa kilemba changu na kumjaribu. Alipatia mara sita kati ya sita, kisha akanirudishia kilemba akasema kinanuka mafuta ya nywele.

Jambo alilolijali kuliko yote ni mwisho wa mstari. Watu wengi hawajui kwamba mstari una mwisho unaotumwa kwa mashine, kama vile herufi zinavyotumwa, ila huo hauonekani. Alinieleza wiki yangu ya kwanza, akichora kwa kidole juu ya vumbi la meza.

"Ona, mwanangu. Kichwa ya mashini ikifika mwisho wa mustari, inangoja amri mbili. Ya kwanza: rudi. Kichwa inarudi kushoto. Ya pili: shuka. Karatasi inasogea, unapata mustari mupya. Ukiipa moja tu, itafanya ile moja tu. Mashini si mutu, aiwezi kukisia."

"Na ordinateri yangu?"

"Yako iko nusu-nusu. Inajua kurudi, aijui kushuka."

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa msiba wangu wa kila siku. Kompyuta yangu tulipewa na wafadhili, wala haikufanana na ile ya chumba cha takwimu. Ya takwimu ilituma amri zote mbili. Yangu ilituma "rudi" peke yake. Basi nikiandika barua ya mistari thelathini na kuituma, kichwa cha mashine kilikwenda na kurudi, kikaenda na kurudi, karatasi imekaa palepale, na mistari yote thelathini ikapigwa mmoja juu ya mwingine. Ulichopata ni mstari mmoja mweusi, mnene, uliolowa wino. Ukiigeuza karatasi ilikuwa imetoboka.

Dawa yake ilikuwa swichi moja, nyuma ya mashine, ndogo kama punje ya mchele. Ukiishusha, mashine ilijiongezea yenyewe "shuka" kila ilipoambiwa "rudi", na barua yangu ikatoka safi. Lakini hapo kompyuta ya takwimu, ambayo ilishatuma "shuka" yake, ilishushwa mara mbili, na kila mstari ukaachiwa nafasi tupu chini yake. Kwa hiyo Fundi alishinda akiipandisha na kuishusha swichi ile kwa ncha ya kalamu, mara ishirini kwa siku, akinung'unika. Siku moja alisahau, na ripoti ya takwimu ya kurasa arobaini ikatoka themanini. Mkuu wa takwimu aliitazama ilivyonenepa, akaipenda, akaipeleka vilevile kwa shefu, mkuu wa ofisi yetu. Tangu hapo alikuja mwenyewe kumwomba Fundi asahau.

Kulikuwa na ugonjwa wa tatu pia, tuliouona mara moja tu. Alikuja mgeni wa wafadhili na kompyuta yake ya begani, na hiyo ilituma "shuka" bila "rudi". Barua yake ikaanza kushuka ngazi. Neno la kwanza kushoto, mstari wa pili ukaanzia pale wa kwanza ulipoishia, wa tatu mbele zaidi, mpaka maneno yakatoka nje ya karatasi na mashine ikawa inachapa juu ya chuma. Mgeni alishika kichwa. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. "Barua yako inatoroka, musyé! Ifungie mlango!"

Kutokana na hayo alikuwa na namna yake ya kupima watu. Mlevi mmoja wa mtaani kwake, aliyeuza baiskeli, kisha kitanda, kisha mabati ya jikoni, alimwita "Shuka bila rudi". Na wale waliokuja ofisini asubuhi na hadithi za nani alimfanyia nani nini, mwaka gani, na baba yake nani alimfanyia baba wa nani, aliwasikiliza akipangusa mashine, kisha akasema, "Rudi bila shuka. Mutaandika juu ya yale yale mpaka karatasi itoboke." Alisema hivyo kwa kila upande, na kwa hiyo kila upande ulimwona si mtu wa kuaminika.

Alikuwa bahili. Utepe wa wino ulipokwisha aliufungua juu ya gazeti, akaupaka wino wa mihuri uliochanganywa na mafuta ya cherehani, akaukunja upya kwa kidole kimoja, jioni nzima. Karatasi zilizoharibika alizipeleka nyumbani, mkewe akafungia sambusa. Nusu ya Bwiza ilikula sambusa kutoka katika barua zangu za mistari thelathini. Lakini karatasi yenye majina ya watu hakuitoa. Hiyo aliiloweka kwenye ndoo mpaka ikawa uji, akaimwaga. Nilimwuliza kwa nini anapoteza maji siku ambazo bomba linatoka kwa zamu. Alijibu, "Jina ya mutu aifungiwi sambusa," akaendelea kukoroga.

Wala sitaki kumfanya mtakatifu. Alikuwa mtu wa swala tano aliyeitukana mashine kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili katika pumzi moja. Alidai hajawahi kusema uongo, na hapohapo alimwambia shefu, uso mkavu, kwamba utepe mpya unahitaji kupumzika siku mbili kabla ya kutumiwa, ili tu asichape wakati wa mechi. Nilimpenda na alinichosha. Kwa mawazo yangu ya wakati ule, alikuwa mzee mwenye swichi moja ambaye hakutaka msichana aijue, ingawa yeye ndiye aliyenionyesha ilipo.

Sasa orodha.

Mtu wa tatu ninayepaswa kumtaja ni plantoni wetu, aliyepeleka barua zetu mjini kwa baiskeli. Alikuwa na watoto wanne na alikaa Kamenge. Ile miaka, mtaa wako ulitosha kusema wewe ni wa upande gani wa vita. Mimi nilikaa Kibenga kwa mjomba, upande wa pili, na hilo nalo lilisema. Kila asubuhi plantoni alivuka vizuizi vitatu kuja kazini. Siku za ville morte, vijana walipoufunga mji kwa mawe na matairi, hakuja kabisa, na kesho yake shefu alimgombeza. Mara mbili alifika shati limechanika. Nilimshonea kifungo akiwa amelivaa, nikaona alama za fimbo mgongoni mwake, nikakata uzi kwa meno.

Basi shefu aliponiletea karatasi iliyoandikwa kwa mkono na kuniambia niandike orodha ya wafanyakazi wote, jina, mtaa na komini, yaani tarafa, ya kuzaliwa, nilifurahi.

"Wakubwa wameomba," alisema. "Kila mutu atapata laissez-passer, karatasi ya kupita vizuizi. Hata plantoni atapita bila matata."

Niliiandika kwa nusu saa. Jina langu lilikuwa la kumi na nne, la plantoni la kumi na tano, chini yangu. Nikampelekea Fundi karatasi ile, aniandalie mashine. Aliisoma kwanza karatasi ya mkono, yote, polepole, midomo ikicheza. Alikuwa amehifadhi Kurani utotoni na aliposoma kitu kwa namna ile kilikuwa kimekwisha kukaa kichwani. Akauliza nani ameomba. Nikamwambia ni wakubwa. Akauliza wakubwa gani. Sikujua, na sikuwa nimeuliza.

Mashine ikalia. Ilikwenda na kurudi, ikaenda na kurudi. Ulikuwa mstari mmoja mweusi. Shefu aliushika kwenye mwanga wa dirisha.

"Fundi, c'est quoi ça, nini iyi? Mi nimeomba liste, apana rangi ya viatu!"

"Iko mugonjwa, shefu. Inarudi, aishuki. Mpaka nipate pièce ya kubadilisha."

"Lini?"

"Mungu anajua."

Siku nne ikawa hivyo. Plantoni alikuwa akipita mlangoni kwangu asubuhi na jioni. "Dada, ile karatasi yetu iko wapi? Fanya haraka basi. Jana wamenishusha tena kwenye baiskeli." Na mimi nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba mashine haina ugonjwa wowote. Barua zangu nyingine zilikuwa zinatoka safi. Alhamisi jioni Fundi alikuja akasimama mlangoni kwangu, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Alitazama korido pande zote mbili.

"Iyi liste, mwanangu, iache irudi tu. Isishuke."

"Mzee, shefu amekasirika."

"Akasirike. We umenisikia? Isishuke."

Nilimsikia. Nilisikia mzee anayenifundisha tena habari za swichi. Nilimwitikia "ndiyo, Mzee" kwa sauti ile tunayowaitikia wazee tunapotaka waondoke, naye akaondoka.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Saa sita alikwenda kuswali. Niliingia chumbani kwake, nikaondoa kikombe cha kahawa, nikapeleka mkono nyuma ya mashine, nikaishusha swichi kwa ukucha. Kisha nikatuma kutoka chumbani kwangu, nikarudi kutazama. Majina yalishuka moja moja, kila mtu na mstari wake, mtaa wake, komini yake, ukurasa mmoja safi kuliko zote nilizowahi kuchapa. Plantoni alikuwa amesimama nyuma yangu. Alipiga makofi. Shefu alitia sahihi, akafunga bahasha, akampa. Plantoni ndiye aliyeipeleka, juu ya baiskeli, jina lake likiwa ndani.

Fundi aliporudi aliona kikombe chake kimehamishwa. Alipeleka mkono nyuma ya mashine, akapapasa.

"Nani ameshusha?"

"Mimi, Mzee." Nilikuwa natabasamu. Hilo silisahau.

"Imeenda?"

"Imeenda."

"Nani ameipeleka?"

Nikamwambia. Alivua kofia yake, akakaa juu ya boksi la karatasi, akabaki amekaa. Nikarudi chumbani kwangu nikiwa nimeudhika kwamba hakunisifu.

Laissez-passer hazikuja. Baada ya siku tisa plantoni hakufika kazini, wala haikuwa ville morte. Siku ya pili yake alikuja mkewe, mtoto mgongoni, akasimama katikati ya korido akauliza, "Mume wangu mumemutuma wapi?" Alikuwa na hakika kwamba tumemtuma. Shefu alitoka, akamtazama, akarudi ndani. Wiki hiyo wakapotea wengine wawili wa orodha ile, wa mitaa ya upande uleule wa mji.

Nimeambiwa na kila mtu niliyemsimulia kwamba si lazima iwe orodha yangu. Orodha zilikuwa nyingi, na watu walichukuliwa barabarani bila orodha yoyote. Shefu mwenyewe, nadhani, aliamini habari ya laissez-passer, na mwaka uliofuata alikimbilia ng'ambo. Nimeyasikia yote hayo na ninayashukuru, lakini hayanisaidii.

Fundi hakuniambia hata siku moja "nilikuonya". Aliziba swichi kwa plasta ya kidonda, na tangu hapo barua zangu akazisahihisha mwenyewe kwenye kompyuta, akiingiza "shuka" moja moja mwisho wa kila mstari, kazi ya saa nzima kwa barua moja. Hakunung'unika wala hakutukana. Aliacha kuwaita watu kwa majina yake ya mistari. Kabla ya mwaka kwisha aliacha kazi, akaenda kutengeneza redio Bwiza. Sikwenda kumuaga. Nilijiambia njia ni mbaya, na njia ilikuwa mbaya kweli, lakini wengine walikwenda.

Ilinichukua miaka minane. Vita ilikuwa imechoka, mabasi madogo yanakwenda kila mtaa, na mimi nilikuwa nafanya kazi mahali ambapo mashine inatoa karatasi kimya na hakuna anayejua kwamba mstari una mwisho. Siku moja, saa kumi alasiri, nilishuka Bwiza na kilo mbili za sukari mkononi. Mke wake alinifungulia. Hakunitambua.

"Fundi anaswali, ngojea kidogo."

Alitoka akipapasa ukuta. Macho yote mawili yalikuwa na utando mweupe. Nikamsalimia, naye kabla sijajitaja akasema, "Daktilo. Mafuta ya nywele ni ile ile." Tukacheka, na mimi nikaona kwamba nisiposema sasa sitasema tena.

"Mzee, ni mimi niliyeishusha. Uliniambia isishuke na sikuelewa. Nilidhani unasema mambo ya mashine."

"Ninajua. Iyo kosa ni yangu."

"Hapana, Mzee."

"Ngoja niseme. Nilikuambia na lugha ya mashini juu niliogopa kusema na lugha ya watu. Nilikuogopa we."

"Mimi?"

"We. Nilisema: uyu mutoto ninamupenda, lakini sijui kwao Kibenga usiku wanazungumuza nini. Nikikuambia iyi liste ni ya kuua watu, na we ukaisema nyumbani, mi na bibi yangu tunakwisha. Basi nikasema nusu. Rudi bila shuka." Alisugua magoti. "Mutu mwenye kujua apashwi kusema nusu."

Nililia, na sikuficha. Alinuna kidogo, kama alivyonuna zamani maji yalipokaribia mashine. Kisha akamwita mkewe amletee mkebe wa utepe. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Aliifungua juu ya goti. Ilikuwa na mstari mmoja mweusi, umepasuka katikati pale ilipotoboka. Ilikuwa ile aliyoishika shefu dirishani. Karatasi ya majina, na hakuiloweka.

"Soma," aliniambia.

"Haisomeki, Mzee."

"Mi ninaisoma. Kila Ijumaa, mbele ya kwenda kuswali."

Akaweka kidole kwenye mwanzo wa mstari mweusi, akakipitisha mpaka mwisho, akataja jina la kwanza, na mtaa, na komini. Akakirudisha kidole kushoto, akakipitisha tena palepale, akataja la pili. Hakukosea hata moja. Kila jina alilipa pumzi yake, na baada ya kila jina alinyamaza kidogo, kama mwalimu anayeita darasa na kungoja mwenye jina aitike. Walikuwamo waliokufa kwa maradhi, waliokwenda Tanzania, mkuu wa takwimu na ripoti zake nene. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo na nilijua linalokuja. Alifika la kumi na nne, akalitaja jina langu lote, na Kibenga, akanyamaza akisubiri, mpaka nikaelewa kwamba nilipaswa kuitika.

"Niko, Mzee."

Akatikisa kichwa. Akarudisha kidole mwanzo. Akamtaja plantoni, na Kamenge, na komini yake, akanyamaza vilevile, akanielekezea yale macho meupe, akanisubiri mimi niitike.